Faili la saraka limevimba: nilipunguze vipi bila ya kuwasimamishia watu kazi?

Msomaji wa Pemba ameniandikia kuhusu Active Directory, yaani saraka ya Windows inayotunza akaunti na maneno ya siri ya watu wa ofisi nzima, na faili lake kubwa la ntds.dit:

"Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni ofisa wa TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa Pemba. Tuna seva mbili za Windows zinazobeba Active Directory, moja Chake Chake na nyengine kwenye tawi letu la Wete. Mwezi uliopita nilifuta akaunti kiasi cha 9,000 za wanafunzi waliokwisha kumaliza, nikategemea faili la ntds.dit litapungua. Halikupungua hata chembe. Liko GB 2.9 vile vile, na diski C ya Chake, ambayo ni ya GB 60, imebakiwa na GB 2 tu. Bosi anataka nizime seva usiku nilibane. Watu wa fedha na wa maktaba hawataki kusikia habari ya kuzimwa kitu. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Usizime kitu bado. Kwa ulivyoeleza, ukilibana faili hilo wiki hii huenda ukapata kidogo sana, na utakuwa umeshagombana na watu wa fedha bure.

Chukulia daftari la sheha, tuseme sheha anayeandika kwa penseli. Mtu akihama shehia, sheha hachani ukurasa. Kwanza anapiga mstari juu ya jina, na ule mstari unakaa muda ili kila anayeshika nakala ya daftari ajue kuwa fulani hayupo tena. Baadaye anachukua kifutio, anafuta jina, na ile nafasi inamngojea mhamiaji mwengine. Daftari linabaki na unene wake ule ule. Kurasa tupu zimo ndani, lakini kwa nje huoni tofauti.

Hivyo ndivyo ntds.dit inavyofanya kazi. Ukifuta akaunti, haiondoki, bali inatiwa alama kuwa imekufa, na alama hiyo inapelekwa Wete ili seva ya huko nayo ijue. Alama inakaa siku 180 kwenye saraka zilizoanzishwa tangu Windows Server 2003 toleo la marekebisho ya kwanza, na siku 60 kwa zile za kale zaidi ambazo hazikubadilishwa. Wenyewe Microsoft muda huo wameupa jina la jiwe la kaburini: ukitafuta mpangilio wake utaukuta umeandikwa tombstoneLifetime. Muda ukishapita, kila baada ya saa 12 seva inapita na kifutio chake, kisha inapanga upya kurasa ili nafasi tupu zikae pamoja. Yote hayo inayafanya huku watu wanaingia na kutoka kama kawaida. Faili peke yake ndilo halipungui. Kulipunguza ni kununua daftari jipya na kunakili majina yaliyo hai tu, na kazi hiyo haifanyiki sheha akiwa anaandikisha watu.

Sasa, kuna jambo moja hukulitaja, na ndilo linaloamua kila kitu: je, pipa la taka la saraka limewashwa? Pipa hili lilikuja na Windows Server 2008 R2, na wengi huliwasha mara moja kisha wakasahau. Fungua PowerShell, andika Get-ADOptionalFeature -Filter *, utazame sehemu ya EnabledScopes kwenye Recycle Bin Feature. Ikiwa tupu, pipa halijawashwa. Ikiwa ina maandishi, limewashwa.

Bila ya pipa, akaunti ikifutwa huvuliwa karibu sifa zake zote papo hapo, yanabaki mambo machache tu ya kuitambulisha. Pipa likiwashwa, akaunti inaingia ndani na nguo zake zote: jina, namba ya simu, makundi, na picha. Inakaa humo nzima, kwa kawaida siku hizo hizo 180, ili ukijuta uirudishe kama ilivyokuwa. Zikipita ndipo inavuliwa, na mabaki yake yanakaa siku 180 nyengine kabla ya kufutwa moja kwa moja. Kwa hivyo kama pipa lako limewashwa, akaunti zako 9,000 hazijaachia kitu. Zimo humo nzima nzima, na ukibana leo utazinakili zote kwenye faili jipya. Subiri miezi mitano iliyobaki.

Nimetaja picha makusudi. Akaunti ya kawaida haina uzito wa maana, na faili la GB 2.9 kwa chuo cha ukubwa wako linanambia kuna mtu aliwahi kupakia picha za wanafunzi ndani ya saraka. Sifa ya thumbnailPhoto inapokea picha ya hadi kilobaiti 100. Wanafunzi 9,000 kwa kilobaiti 100 kila mmoja ni takriban MB 900. Nitairudia habari hii mwisho.

Huhitaji kukisia utapata nafasi kiasi gani. Njia ya kwanza: kwenye rejista ya seva (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya NTDS, sehemu ya Diagnostics, pandisha "6 Garbage Collection" kutoka 0 hadi 1. Baada ya usafishaji unaofuata, tazama kumbukumbu za matukio za Directory Service, utafute tukio namba 1646. Litakwambia ukubwa wa faili, na ndani yake mna megabaiti ngapi tupu. Kumbuka kurudisha 0.

Ya pili naipenda zaidi. Windows inakuruhusu kutengeneza nakala ya saraka kwa ajili ya kusimamisha seva mpya, na inapotengeneza nakala hiyo inaibana yenyewe, huku seva inaendelea kufanya kazi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

ntdsutil
activate instance ntds
ifm
create full D:\pima

Ikimaliza, nenda D:\pima ulitazame lile faili jipya. Ukubwa utakaouona ndio, kwa karibu sana, ukubwa utakaopata ukibana kweli. Shika na saa pia, maana muda iliochukua kubana utakupa picha ya muda utakaohitaji siku yenyewe. Ikiwa GB 2.9 imekuwa GB 2.7, mchukulie bosi hiyo namba na mazungumzo yatakwisha hapo. Ila folda hilo lina alama za maneno ya siri ya chuo kizima. Lifute siku hiyo hiyo, usilitie kwenye flashi ukaenda nalo nyumbani.

Turudi kwenye diski. GB 60, imebaki GB 2, na ntds.dit ni GB 2.9. Hata ukilifuta lote, na Mungu apishe mbali, hujaokoa hata asilimia tano ya diski. Mlaji ni mwengine. Kwenye seva za aina hii mimi huanza kutazama mabaki ya masasisho ya Windows ndani ya WinSxS (amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup huyasafisha bila ya kugusa saraka), kisha C:\inetpub\logs kama kuna mtu aliwahi kuweka tovuti humo, kisha mafolda ya mafundi waliopita chini ya C:\Users, na hasa sehemu ya Downloads. Kuna fundi mmoja aliacha kwenye seva ya ofisi moja mikanda ya harusi ya dada yake, yote, kamera mbili. Na kama seva yako ni mashine pepe, jibu jepesi kuliko yote ni kuiongezea diski GB 40 kisha kuivuta C ikiwa hai. Dakika tano, na maktaba hawatajua kama uligusa kitu.

Katika kusafisha huko, ndani ya C:\Windows\NTDS utaona mafaili ya edb yenye mwisho wa .log, kila moja MB 10 kamili, pamoja na edb.chk na mawili ya edbres. Yanafanana na taka. Usiyaguse.

Nakwambia kwa sababu mimi niliyagusa. Ilikuwa mwanzoni mwa 2010, kile kiza cha miezi mitatu Unguja kilichoanza Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika. (Nyinyi Pemba wakati huo mlikuwa bado hamjaunganishwa na Tanga, mlikuwa na majenereta yenu.) Nilikuwa natunza seva moja ya ofisi hapa mjini, Windows Server 2003, iko peke yake, haina mwenziwe. Jenereta la ofisi lilikwisha mafuta saa saba mchana, betri za UPS zilikuwa zimeshakufa zamani, na seva ikazimika kama taa. Mafuta yakaja, nikaiwasha kwa ile hali ya matengenezo, nikaona diski imejaa mpaka juu, nikaona yale mafaili ya MB 10, nikasema haya ndiyo yaliyojaza. Nikayafuta.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Seva haiandiki mabadiliko kwenye ntds.dit moja kwa moja. Inayaandika kwanza kwenye yale mafaili ya .log, upesi upesi, halafu kwa wakati wake inayahamishia kwenye faili kubwa. Umeme ukikatika ghafla, faili kubwa linabaki nusu nusu, na nusu yake nyengine iko kwenye .log. Mimi nilikuwa nimeifuta nusu ile. Nilipoiwasha kwa kawaida, skrini ikaniandikia kuwa huduma ya saraka imeshindwa kuanza, 0xc00002e1, nikatakiwa kurudi kwenye hali ya kurejesha saraka. Nilirudi, na sasa nikaitafuta bekapu. Ilikuwa ya miezi minane nyuma, na bekapu iliyozidi ule umri wa jiwe la kaburi haikubaliki kurejeshwa. Tukajenga saraka upya kuanzia sifuri, na kompyuta za ofisi tukazipitia moja moja kuziunganisha tena, kwa saa zile chache ambazo jenereta lilikuwa linanguruma. Siku tano.

Kwa hivyo ninaposema "bila ya kuwasimamishia watu kazi", sizungumzii saa ya kufanya kazi hii. Wengi hufikiri ukiifanya saa saba za usiku umeshawaepusha watu. Kinachowaepusha ni seva ya pili, na seva ya pili ni seva ya pili pale tu ulipoijaribu. Wewe unayo, iko Wete. Swali langu kwako ni kama umewahi kuiona ikibeba chuo peke yake.

Anza na afya ya kunakiliana. repadmin /replsummary iendeshe kwenye zote mbili, na dcdiag vile vile. Ukiona kosa lolote la kunakiliana, yote niliyoandika chini ya hapa yasimame mpaka ulirekebishe. Hakikisha Wete nayo imetiwa alama ya Global Catalog, ile katalogi ya saraka inayoulizwa watu wanapoingia. Kwa saraka ya domeni moja kama yenu hakuna sababu ya seva yoyote kukosa alama hiyo.

Halafu kaa kwenye kompyuta moja ya fedha, andika ipconfig /all, uone imepewa anwani ngapi za DNS, huduma inayoiambia kompyuta seva yenye jina fulani iko wapi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ukisimamisha huduma ya saraka, zinalala nayo Kerberos (inayothibitisha wanaoingia), DFSR (inayonakili mafaili baina ya seva), na DNS ya seva hiyo hiyo. Kompyuta inayoijua DNS ya Chake peke yake haitajua Wete iko wapi, hata kama Wete ni nzima kabisa. Wala haitafungua intaneti, na simu ya kwanza utakayopokea itakuwa "mtandao umekatika". Rekebisha kwenye DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani, ziwe anwani mbili, na zile kompyuta zilizoandikwa anwani kwa mkono zifuate moja moja.

Mambo mengine huwezi kuyaona kwa kukaa mezani. Programu ya maktaba iliyoandikiwa namba ya anwani ya seva ya Chake badala ya jina, mashine ya fotokopi inayotafuta majina ya walimu kwa LDAP (lugha ya kuiuliza saraka), Wi-Fi ya bweni inayouliza maneno ya siri kwa seva moja tu: hivi vyote haviijui Wete, na havitaitafuta. Njia ya kuvifichua ni moja, nayo watu wa fedha wataikubali ukiwaeleza vizuri: siku ya kazi, asubuhi iliyo tulivu, si mwisho wa mwezi na si siku ya mishahara, simamisha huduma ya saraka ya Chake kwa dakika 15. Usiguse faili. Simamisha tu, kisha zunguka ofisini na daftari uone nani anapiga kelele. Kwenye kompyuta moja andika nltest /dsgetdc: ikifuatiwa na jina la domeni yenu pamoja na /force, uone jina la seva ya Wete likitokea. Dakika zikitimia, washa.

Utashangaa jinsi ambavyo wengi hawatagundua kitu. Aliyekwisha kuingia asubuhi ana tiketi ya Kerberos ambayo kwa kawaida inaishi saa 10, na kompyuta za Windows zinakumbuka watu 10 wa mwisho walioingia, hata seva zote zikizimwa. Anayeathirika ni anayeingia wakati huo huo kwenye kompyuta asiyowahi kuitumia, au anayebadilisha neno la siri. Na waya wa baina ya Chake na Wete ukikatika katika dakika hizo 15, umejifunza jambo jengine, nalo ni kuwa mnahitaji seva ndogo ya tatu pale pale Chake.

Haya, tuseme umepima, na kweli kuna GB moja na zaidi ya kuokoa, au miezi mitano imepita. Fanya Jumamosi saa tatu asubuhi. Najua bosi anapenda usiku, lakini usiku huko uliko ukikwama utampigia nani? Mlinzi wa jenereta kalala, fundi wa mtandao kazima simu, na wewe mwenyewe una usingizi. Ijumaa usifanye, na siku mbili za kabla ya Idi usifanye kabisa. Kama kuna seva ya kutoka Unguja itakayohitajika, meli zitakuwa zimejaa.

Siku moja kabla, chukua bekapu ya hali ya mfumo kwenye seva zote mbili (wbadmin start systemstatebackup -backuptarget:E:), na E iwe diski ya nje, si kipande cha diski ile ile. Picha ya mashine pepe (snapshot) si bekapu ya saraka. Tangu Windows Server 2012 seva inajitambua ikirudishwa nyuma kwa picha, lakini mtego ule wa kale, seva kurudi nyuma na wenziwe wasijue, bado sitaki uwe mpango wako. Na neno la siri la kurejesha saraka, lile lililowekwa siku seva iliposimikwa na kila seva ina lake, ukilikosa lipange upya leo kwa ntdsutil, "set dsrm password". Karibu kila ofisi niliyoingia, aliyelijua alishahamia bara.

Usihangaike kuhamisha kwenda Wete yale majukumu matano maalumu ya saraka (FSMO), ambayo kila moja hubebwa na seva moja tu. Kwa nusu saa hayahitajiki, na kuhamisha huku na huku kunaongeza pa kukosea.

Zamani kazi hii ilitaka kuwasha seva upya kwa hali ya kurejesha. Tangu Windows Server 2008 inatosha kusimamisha huduma:

net stop ntds
ntdsutil
activate instance ntds
files
compact to D:\mpya

Ikikuuliza kama isimamishe na huduma zinazotegemea, kubali. Usitoke kwenye akaunti yako mpaka umalize. Kwenye D uwe na nafasi isiyopungua ukubwa wa faili lote, na kwenye diski lilimo faili uache wazi angalau asilimia 15 ya ukubwa wake, maana faharasa zinajengwa upya.

Sasa sikiliza, kwa sababu umeme ndio tunaouogopa sote. Amri hii haigusi faili lako. Inalisoma la zamani na kuandika jipya D:\mpya. Umeme ukikatika katikati, lililoharibika ni lile jipya, unalifuta na kuanza tena. Hatari iko kwenye dakika moja tu, ya kuweka jipya mahali pa zamani. Kwa hivyo kabla ya dakika hiyo, nakili ntds.dit ya zamani uiweke D:\zamani, na yale mafaili ya .log yahamishie huko huko. Maelekezo yatakwambia uyafute, na safari hii ni halali kuyaondoa, kwa sababu huduma ilisimamishwa kwa utulivu, kila kilichokuwemo kimeshaingia kwenye faili kubwa, na faili jipya haliyajui mafaili hayo. Mimi lakini nayahamisha, siyafuti. Ukilazimika kurudi nyuma, utarudi na faili pamoja na kumbukumbu zake. Ndipo unakili jipya kutoka D:\mpya kwenda C:\Windows\NTDS.

Ukiwa bado ndani ya ntdsutil, kwenye files, andika integrity. Inasoma faili zima, kwa hivyo kunywa chai. Ikimaliza salama, net start ntds, kisha tazama kwa macho yako kama DNS, Kerberos na DFSR zimeamka. Isiyoamka iamshe, au washa seva upya kabisa ujue kuwa itasimama yenyewe siku umeme utakaporudi bila ya wewe kuwepo. Endesha tena repadmin /replsummary. Chukua bekapu mpya.

Integrity ikishindwa, au ukaona namba -1018 mahali popote, mara nyingi shida ni diski au kadi yake, wala si saraka. Mitandaoni utaona watu wanashauri esentutl na /p ya kukarabati. Kwenye saraka yenye seva zaidi ya moja sioni sababu ya kuitumia hata siku moja: inakarabati kwa kutupa kurasa isizozielewa, na hutajua imetupa nini. Ivue Chake cheo cha kuwa seva ya saraka, badilisha diski, uipe cheo upya. Itajaza faili lake kutoka Wete, likiwa safi na limebanwa tayari. Ukweli ni kuwa kwa seva kongwe iliyochoka, hiyo ni njia nzuri ya kubana hata pasipo na ugonjwa.

Kubana hakunakiliwi. Ukimaliza Chake, faili la Wete litabaki GB 2.9, na hilo si kosa. Kila seva ina daftari lake, majina ni yale yale, kurasa tupu ni zake mwenyewe. Kama Wete diski yake haina shida, iache.

Na zile picha. Za waliopo sasa, zipunguze ziwe za pikseli 96 kwa 96, ambazo zinatosha kabisa kwenye barua pepe na hazifiki kilobaiti 10, halafu mwambie anayepakia orodha za mwaka wa kwanza asipakie tena zile za kitambulisho. Akaunti za wanaomaliza mwaka huu, zivue picha kwanza, ngoja zinakiliwe Wete, ndipo uzifute. Pipa la taka litapokea akaunti nyepesi, na hutahitaji kuhesabu siku 180 nyengine.